Familia ya Katumba: safari ya Mama

*Atupele:* Shikamoo mama, shikamoo ba mdogo. Nimetoka gatini Greenwich hapa London sasa hivi, nilienda kuliangalia lile daraja la kushukia kwenye boti mama alilolikataa kwenye picha

*Mama:* Marahaba mwanangu. Mteremko ule siuwezi magoti yangu mnayajua, si tupande basi tu

*Atupele:* Subiri mama. Asubuhi lilikuwa limeinama kama mlima Kitonga nikashuka nimeshika chuma mtoto mgongoni, saa hizi nimerudi nalikuta limelala karibu tambarare na daraja ni lilelile!! Mto Thames unafuata bahari, maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, hapo katikati ya London yanaweza kupanda kama mita 7, sasa gati linaelea linapanda na kushuka nayo ila daraja upande wa nchi kavu limefungwa halisogei ndo maana maji yakipwa linainama, yakijaa linalala

*Lusajo:* mita 7??? si ghorofa mbili hizo

*Ba mdogo:* Marahaba Atu. Bandari ya Itungi ziwa Nyasa nilikopakia mchele miaka yote ziwa halina kujaa na kupwa kwa hivyo, linaongezeka taratibu na masika. Kero yetu mchanga wa mto Kiwira, kina kinapungua meli inashindwa kusogea. Hilo linaloelea linazuiwa na nini lisichukuliwe na maji?

*Atupele:* Mengi yana nguzo za chuma zimechimbiwa mtoni ba mdogo, linapanda na kushuka palepale. Boti ikipita linatikisika kidogo unasikia chuma kinalia

*Da Tusa:* na uokoaji je maana mimi maji nayaogopa

*Atupele:* Upo dada. Mwaka 1989 boti inaitwa Marchioness iligongwa usiku wakafa watu 51, inauma sana. Uchunguzi ulipofanyika ndo 2002 zikawekwa boti za uokoaji hapohapo mtoni

*Mama:* Mungu awarehemu. Sasa mimi nishuke saa ngapi

*Atupele:* Nimeangalia ratiba ya maji mama, Jumamosi yanajaa saa nane mchana, tushuke muda huohuo. Tukiahirisha hadi Jumapili inachelewa karibu saa nzima

*Mama:* Haya Jumamosi. Nivae raba?

*Atupele:* Vaa zile za soli nene, mvua ikinyesha chuma kinateleza. Mi natangulia wewe unashika bega langu

*Ba mdogo:* Ijumaa mimi ndo nampeleka uwanja wa ndege Songwe, raba nitaziweka mwenyewe kwenye begi