Djembe au ngoma za Mpambire kwa watoto wa shule?

Chaki_Nyeupe (Busia)
Wakuu, salaam. Shule imenikabidhi kazi ya kununua ngoma, watoto wanatakiwa kucheza ngoma ya asili. Kuna djembe nimeiona kwenye duka la vinyago Kampala, inang'aa kweli. Mwenzangu ananiambia niachane nayo, nipite Mpambire, kijiji cha watengeneza ngoma barabara ya Masaka, nichukue za Kiganda. Ipi bora? Hela inatoka Ijumaa na mhasibu wetu hapendi maneno mengi.

Spoku_za_Gulu
Bora kwa kazi gani, mwalimu? "Ngoma ya asili" ni kama kusema "nataka chakula". Ni baakisimba ya Waganda, ekitaguriro ya Wanyankole, larakaraka ya Waacholi, au ipi? Watoto wa darasa la ngapi? Ukumbini au uwanjani? Kuna mpigaji wa kuwafundisha, ama utawafungulia video kwenye simu na kuwaombea Mungu?

Mzee_wa_Engalabi
Hata kabla hajajibu, hiyo djembe aiache dukani. Ni chombo kizuri, siitukani, lakini kwao ni Mali na Guinea huko. Ukipigia baakisimba, wasikilizaji watajua kuna kitu hakipo. Ngoma za Kiganda zinakwenda kwa familia: empuunyi inashikilia chini, haiyumbi. Nankasa ni ndogo, ya vijiti, inachanganya juu. Embuutu ndiyo inayozungumza na kiuno cha mchezaji. Engalabi, ile ndefu yenye ngozi upande mmoja, inaingia mchezo ukipamba moto. Ukinunua moja peke yake umenunua nusu ya maneno.

Afande_Mstaafu
Nimepiga bendi jeshini miaka mingi. Nunueni ngoma ya bendi yenye skrubu. Mvua ikinyesha unakaza kwa ufunguo, kazi imeisha. Haya mambo ya kuotesha ngoma moto kila asubuhi siyataki.

Mzee_wa_Engalabi
Afande, watoto wanacheza, hawaendi gwaride.

Chaki_Nyeupe (Busia)
Asanteni. Watoto ni wa P5 na P6, yaani darasa la tano na la sita. Bajeti ni laki sita, usafiri ndani yake. Ngoma yenyewe mwalimu mkuu bado hajaamua.

Spoku_za_Gulu
Hajaamua! Sasa unanunua nini? Na bado hujasema kama ni mashindano ya shule au ni siku ya wazazi. Kwa majaji huwezi kuchanganya djembe na mavazi ya Kiganda ukategemea alama. Kwa wazazi, watashangilia hata sufuria.

Mama_Njuga (Jinja)
Mwalimu, ngoja nikueleze yaliyonipata ili usiende na hela ya shule kichwa kichwa. Tulinunua embuutu kwa muuzaji wa kando ya barabara, simtaji. Ilikuwa imepakwa rangi na kung'arishwa mpaka unajiona ndani yake. Bei nzuri, maneno matamu. Kumbe mti ulikuwa mbichi. Ulipoanza kukauka kwenye stoo ya shule ukapasuka ubavuni, ufa wa kuingiza kidole. Ngozi nayo ilikuwa ya ng'ombe, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, maana haikukwanguliwa sawasawa. Msimu wa mvua ukaingia, ngozi ikalegea kabisa, unapiga na hakuna kitu.

Siku ya mashindano tukawasha majani makavu ya ndizi nyuma ya darasa tuipashe. Ndivyo inavyofanywa, hilo si kosa. Lakini mzazi aliyejitolea kuisimamia alikuwa na haraka, akaisogeza karibu mno, na ule upande mwembamba ukachanika mbele ya macho yangu. Watoto wameshavaa ngozi za mbuzi kiunoni, njuga miguuni, wamepakwa mafuta. Tukacheza kwa kupiga dumu la maji. Majaji waliandika kitu kimoja tu kuhusu ala, na sitakirudia hapa.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi: chungulia ndani kwa tochi ya simu, maana rangi inafunika nje tu. Inyanyue, mti mbichi ni mzito kupita kiasi. Bonyeza ngozi kwa dole gumba ukizunguka ukingo wote, isibonyee upande mmoja zaidi. Nusa pia. Ngozi isiyokauka inanuka. Halafu umwambie fundi aipige mwenyewe, wewe usimame mbali uwanjani usikilize.

Afande_Mstaafu
Rahisi huvunja upishi. Narudia: skrubu.

Spoku_za_Gulu
Pole sana Mama Njuga. Ila kwa laki sita mimi ningekwenda larakaraka. Vibuyu vilivyopasuliwa nusu, unavipiga kwa spoku za baiskeli zilizofungwa pamoja. Kila mtoto ana chake, hakuna anayekaa kando anatazama. Kibuyu kikipasuka unakata kingine. Bwola sikushauri, maana mule kila mchezaji anabeba kingoma chake, na ni ngoma ya heshima ya watemi wa Acholi, si ya kufundishwa wiki mbili.

Kadodi_Mbale
Mnasahau kadodi yetu Wamasaba! Ngoma zinaning'inia shingoni, mnatembea nazo, umati mzima unafuata. Hakuna mtoto atakayesimama wima.

Mzee_wa_Engalabi
Kadodi ni ya imbalu, tohara ya Wamasaba, na imbalu ni mwaka shufwa. Mtoto wa shule apigiwe kadodi kwa sababu gani?

Kadodi_Mbale
Mzee, kwenye harusi na kampeni za wanasiasa kadodi inapigwa hata mwaka witiri. Hapo husemi kitu.

Mzee_wa_Engalabi
Nasema, ila hawanisikii kwa kelele.

Mwalimu, kuhusu mapigo: usiwape ngoma siku ya kwanza. Waanze kwa mdomo. Kule kwetu kila pigo lina maneno yake. Lile la kuwaita watu kwenye kazi za kijiji linasema *saagala agalamidde*, sitaki mtu aliyelala. Mtoto akilitamka vizuri, mikono itafuata yenyewe. Halafu makofi: mguu ukanyage mara mbili katika muda ule ule ambao mikono inapiga mara tatu. Watacheka, watagongana, siku ya tatu wataipata. Asiyeipata mpe nankasa... hapana, mpe empuunyi. Nankasa inataka mtu mwepesi.

Mama_Njuga (Jinja)
Na wasichana nao wapige. Kwangu mpigaji bora wa engalabi ni msichana.

Mzee_wa_Engalabi
Zamani Buganda mwanamke hakugusa ngoma.

Mama_Njuga (Jinja)
Zamani pia engalabi iliwambwa kwa ngozi ya kenge. Leo ukikutwa na ngozi ya mnyama pori bila kibali unajibu mashtaka. Mambo yanabadilika, mzee wangu.

Mzee_wa_Engalabi
Kwa kenge umenishika. Mwalimu, agiza ya ngozi ya mbuzi, inalia vizuri tu. Kwa hilo lingine tutaonana.

Chaki_Nyeupe (Busia)
Wakuu, mwalimu mkuu ameamua. Anataka runyege, ile ngoma ya Watooro na Wanyoro, mkewe ni Mtooro. Sasa djembe au za Mpambire?

Spoku_za_Gulu
Yesu wangu.

Mama_Njuga (Jinja)
Runyege uhondo wake uko miguuni mwa wavulana, mwalimu. Zile njuga za kufunga kwenye mashavu ya miguu, ebinyege, ndizo zinazolia, ngoma inazisindikiza. Hela yako nyingi iende huko. Ulizia Fort Portal au Hoima, usinunue za mapambo zinazouzwa kwa watalii, kamba zake zinakatika mtoto akikanyaga mara kumi.

Chaki_Nyeupe (Busia)
Hoima na Busia ni kama nchi mbili kwa umbali! Nani anajua basi linalobeba mzigo bila kuuvunja?

Afande_Mstaafu
Mimi nina ngoma ya bendi, iko Tororo, ufunguo wake upo. Tuongee bei.

Kadodi_Mbale
Bado sijajibiwa kuhusu kampeni.