Acheni kugawa watoto wa paka wa wiki tatu, kisha mnashangaa wakiwang'ata

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Jana jioni, mtaani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, nimelisikia tena tangazo lile lile: paka wa dukani amezaa watoto watatu, anayetaka aje achukue mapema kabla hawajaisha. Watoto hao wana wiki tatu. Nimewaona kwa macho yangu wakitembea kwa kuyumba, matumbo yakigusa sakafu. Miezi minne iliyopita nilipokea mtoto wa paka aliyezaliwa na mama huyo huyo, kutoka mikononi mwa mtu huyo huyo, na yaliyotokea nyumbani mwangu tangu siku ile ndiyo yananizuia kunyamaza.

Mtoto yule, ambaye tulimpa jina la Karafuu kwa sababu ya rangi yake, aliletwa siku ya Ijumaa ndani ya boksi la sabuni. Niliambiwa kwamba ametimiza miezi miwili, kwamba anakula ugali na dagaa, na kwamba hana shida yoyote. Usiku ule hakugusa ugali wala dagaa. Alilia hadi karibu na adhana ya alfajiri, na alipochoka kulia akawa ananyonya pindo la kanga yangu. Jumatatu nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimweka kwenye mizani akakuta ana gramu 500, akamfungua kinywa akaona magego ya utotoni ndiyo kwanza yanachomoza, akamtazama macho akayakuta bado na ile buluu ya uchanga, kisha akaniambia kwamba huyu hajafika hata wiki sita, na kwamba kwa makadirio yake ana wiki tano. Mtoto wa paka wa miezi miwili huwa amekaribia kilo moja. Mtu aliyekaa na paka wanaozaa mwaka hadi mwaka hawezi kukosea kiasi hicho kwa bahati mbaya. Alijua, akasema uongo ili boksi liondoke.

Nilitoka kwa daktari nikaenda moja kwa moja dukani ili nimrudishe, kwa kuwa mama yake alikuwa bado yuko pale chini ya kaunta na chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa. Nilijibiwa kwamba mama ameshamsahau na kwamba mtu mzima hasumbui wenzake kwa ajili ya paka. Nikarudi nyumbani naye.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo, na watu wengi hawalioni kuwa ni kosa. Mtoto wa paka huanza kucheza na ndugu zake akiwa na takriban wiki nne, na mchezo huo huzidi kupamba moto hadi anapofikisha wiki 12 au 14. Katika mchezo huo humrukia mwenzake, humkumbatia kwa miguu ya mbele, humpiga mateke kwa miguu ya nyuma, na humng'ata. Akimng'ata kwa nguvu kupita kiasi, mwenzake hupiga kelele, hujitoa, au humrudishia. Akimfanyia mama yake vivyo hivyo, mama humbana chini kidogo au huinuka akaondoka, na mchezo unakwisha. Kwa kurudiwa mara nyingi kila siku, hayo ndiyo yanayomfundisha kupima nguvu za meno yake na kuficha kucha zake anapocheza. Hakuna binadamu anayeweza kumfundisha kwa ubora uleule. Ndiyo maana madaktari wa mifugo husisitiza kwamba asiondolewe kabla ya wiki nane, na kwamba wiki 12 ni bora zaidi. Anayemtoa akiwa na wiki nne au tano anamnyima masomo hayo yote, kisha anamkabidhi kwa familia isiyojua kitu pamoja na meno 26 membamba yenye ncha kama sindano.

Karafuu aling'ata. Alfajiri alikuwa akijificha chini ya kochi na kuvizia vifundo vya miguu ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, anapokwenda kutia udhu, na mara mbili nusura amwangushe. Mwanangu wa miaka sita alikuwa na mikwaruzo kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Haya ningeweza kuyavumilia na kuyarekebisha mapema, lakini hapa linaingia lalamiko langu la pili, na hili ni la ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Shemeji yangu alikuwa akija kila jioni, anamlaza Karafuu chali, anamtekenya tumbo kwa kiganja kitupu, anamsukasuka huku na huku, na yule mtoto anapomkumbatia mkono na kuuma, yeye anacheka na kumrekodi kwa simu huku akimsifu kwamba ni chui. Nilimsihi aache. Nilimweleza kwamba paka huyu hajui tofauti ya mkono wa kuchezea na mkono wa kulishia, na kwamba anachosomeshwa pale ni kuwa ngozi ya mtu ni windo. Aliniambia kwamba ninamdekeza. Karafuu alipofikisha miezi mitatu na nusu, alimng'ata shemeji huyo huyo kwenye kiungo cha kidole cha shahada hadi damu ikatoka, naye akavua kandambili, akampiga nayo mara tatu, akasema paka huyu ni mkorofi kwa asili na kwamba kesho atamtia kwenye kiroba akamwache soko la samaki. Mtu huyu alimfundisha tabia kwa mwezi mzima, akamshangilia kwayo, kisha akataka kumtupa kwa kuijua vizuri! Samaki hukunjwa angali mbichi, na yeye alimkunja akiwa mbichi kweli, ila alimkunja upande usiofaa.

Baada ya kipigo kile tulipoteza wiki mbili. Mkono ukimkaribia, hata wangu mimi ninayemlisha, Karafuu alikuwa akilaza masikio, akitoa pumzi kali, na kuuma mapema zaidi na kwa nguvu zaidi, kwa kuwa sasa hakuwa anacheza tena bali alikuwa anajitetea. Nawaeleza haya kwa sababu mtaani kila niliyemwomba ushauri aliniambia nimpige. Mmoja alisema nimfinye pua, mwingine nimmwagie maji usoni, na jirani mmoja, ambaye ninamheshimu sana katika mambo mengine, alinishauri nijipake pilipili mikononi. Paka hahusishi kipigo na kosa kama tunavyodhani. Anakihusisha na wewe. Mtoto aliyepigwa hajifunzi kuuma taratibu, anajifunza kwamba watu ni hatari.

Kidole cha shemeji kilivimba kufikia siku ya pili. Jino la paka ni jembamba, linazama ndani, kisha tundu linajifunga juu na kuwafungia vijidudu chini, ndiyo maana jeraha la paka kwenye kiungo cha mkono si la kupuuza hata likionekana dogo kama nukta. Alitumia dawa za kuua vijidudu kwa siku saba. Na kuna jambo zito zaidi, ambalo lilininyima usingizi kwa ajili ya mwanangu. Kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa peke yao. Paka pia hukipata na humwambukiza mtu kwa kumng'ata, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo. Jeraha linapaswa kuoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali bila kungoja. Chanjo ya ugonjwa huo kwa paka kwa kawaida huanza kutolewa akiwa na wiki 12. Kwa hiyo anayekupa mtoto wa wiki tano anakupa mnyama ambaye kwa wiki saba zijazo hajafikia umri wa kuchanjwa, na ambaye katika wiki hizo hizo ndipo atakuwa anang'ata kuliko wakati mwingine wowote. Nilipomwuliza yule wa dukani kama mama amechanjwa, alinijibu kwamba paka hawachanjwi. Sikupata la kumwambia.

Karafuu hakutupwa. Nilimkatalia shemeji mbele ya familia nzima, na tangu siku hiyo nikaweka sharti kwamba hakuna mkono wa mtu yeyote, wa mgeni wala wa mwenyeji, utakaotumika kumchezesha. Asiyeweza kutii asimguse. Akituma meno, mkono unatulizwa palepale bila kuvutwa, kwa sababu kuuvuta kwa ghafla humfanya aone windo linakimbia, na pia ndiko kunakochana ngozi. Akishalegeza, mtu anainuka na kutoka chumbani kwa dakika moja au mbili bila kelele. Mwanzoni lilionekana jambo la kipuuzi kutoka nje kwa ajili ya paka, na mama yangu alilalamika, lakini baada ya siku kama kumi Karafuu alianza kuelewa kwamba meno yanamfukuzia mchezo.

Hiyo peke yake isingetosha, kwa sababu hamu ya kuwinda haiondoki kwa kunyimwa. Nilifunga manyoya ya kuku kwenye ncha ya ufito, nikawa namkimbizisha asubuhi na mapema kabla mama hajaamka na tena magharibi, kwa kuwa nyakati hizo mbili ndizo paka huchangamka kuliko zote. Tunacheza dakika 10 hadi 15, ninamwachia alikamate windo mara kadhaa ili asibaki na kiu, kisha ninampa chakula papo hapo, naye anakula, anajilamba, analala. Vifundo vya miguu ya mama vikapata amani ndani ya wiki ya kwanza. Soksi kuukuu niliyoijaza vitambaa hadi ikawa na ukubwa wa Karafuu mwenyewe ndiyo anayoikumbatia na kuipiga mateke badala ya mkono wa mwanangu. (Uzi na ufito huo ninaufungia kabatini baada ya mchezo; paka akimeza uzi unaweza kumkunja utumbo, na hilo huhitaji upasuaji.) Mwanangu naye nilimfundisha kutazama mkia unaoanza kupigapiga, masikio yanayogeuka nyuma na mboni zinazotanuka, na kuondoa mkono kabla ya meno hayajafika. Ameyashika haya haraka kuliko watu wazima wote wa nyumba ile.

Sasa Karafuu ana miezi mitano na kidogo. Meno ya utotoni yanang'oka, moja niliokota juu ya mkeka, na kwa sababu ya fizi zinazowasha ametafuna kandambili, waya wa redio na pembe ya msala. Anauma bado mara moja moja, lakini anaachia. Ilituchukua karibu miezi miwili ya kazi ya kila siku, bili ya hospitali, na ugomvi wa kifamilia ambao haujapoa, ili kumfundisha kwa shida kile ambacho mama yake na ndugu zake wangemfundisha bure chini ya kaunta ile katika wiki saba zaidi za subira. Ndugu zake wawili sina habari zao njema. Mmoja alirudishwa dukani kwa kosa la kung'ata akakataliwa, na hakuna aliyeniambia alikoishia. Wa pili alifungiwa bandani.

Nimekwenda leo asubuhi kwa mwenye duka nikamwambia kwamba nitachangia nusu ya gharama ya kumfunga kizazi yule mama, kwa kuwa paka anaweza kushika mimba nyingine hata akiwa ananyonyesha na hubeba kwa takriban miezi miwili tu, na kwamba nitaleta dagaa wa kuwalisha wale watoto watatu hadi wafikishe wiki 12. Amenijibu kwamba wananuka na kwamba wateja wanalalamika.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mnaoishi mitaa hii ya Ngamiani, ambao mtapigiwa simu kuanzia leo. Msiwachukue sasa. Mkiwataka, wekeni majina yenu, na mkiweza wachukueni wawili pamoja, kwa sababu mtoto mwenye mwenzake wa kupigana naye huiacha mikono ya watu. Lakini waacheni kwa mama yao kwanza. Na ambaye ana ukumbi, stoo au kibaraza chenye kivuli ambapo mama na watoto wake wote wanaweza kukaa kwa wiki tisa, aniandikie leo hii, chakula ni juu yangu. Boksi la sabuni limeshawekwa mlangoni.