Huduma ya mafaili: ndani ya keneli au nje?

Fundi wa Darajani: Asalaam alaykum. Kuna skuli inataka seva ya Linux, walimu wagawane mafaili. Kijana mmoja kanishauri nitie ksmbd, ile huduma ya kugawana mafaili iliyoingizwa ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha mashine nzima, tangu toleo la 5.15, mwaka 2021, badala ya Samba inayofanya kazi hiyo hiyo lakini inakwenda nje kama programu. Miye sikubali. Keneli ni kama nyumba ya Mji Mkongwe: mgeni unampokea barazani, unampa kahawa, ndani haingii. Kinachosikiliza kila mtu mtandaoni, mahala pake barazani.

Mtu wa Wete: Wa alaykum salaam, ami. Kila ombi likitoka kwenye programu kwenda kwenye keneli na kurudi, linakula muda. Seva ya NFS, njia nyengine ya kugawana mafaili, imo ndani ya keneli zaidi ya miaka 20, mbona huisemi? Na hilo baraza lenu la mjini. Pemba mgeni tunamtia ndani, tunamtandikia mkeka, anakula.

Fundi wa Darajani: Ati mjini tunawanyima wageni chakula? Nimekua Mkunazini, usinambie miye habari ya wageni!

Bint Mkoani: Kaka zangu, turudi. Desemba 2022 lilitangazwa kosa la ksmbd lililopewa alama ya hatari 10 kwa 10: mtu asiyejitambulisha kwa jina wala nywila anaendesha msimbo wake ndani ya keneli. Hapo kasi itakufaa nini?

Mtu wa Wete: Samba nayo inaendeshwa kwa uwezo wa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote ya mashine, ikivunjwa umekwisha vile vile. Windows NT tangu siku ya kwanza imeweka kazi ya kuchora skrini ndani ya keneli, dunia haikuanguka.

Bint Mkoani: Si siku ya kwanza. Ilihamishiwa ndani kwenye NT 4.0, 1996, kwa kutafuta kasi. Na kuanguka tumekuona: Julai 2024 draiva ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, inayokaa ndani ya keneli, ilisoma faili bovu, mashine za Windows kama milioni 8.5 zikalala. Programu ya nje ikifa unaiwasha tena. Keneli ikifa, mashine nzima imekwenda nayo.

Mwana wa Mkunazini: Miye keneli siijui, lakini baraza si nje ya nyumba. Limejengwa na ukuta, msingi mmoja, na chokaa anapaka mwenye nyumba.

Fundi wa Darajani: Msingi mmoja, lakini mlango upo kati! Huo mlango ndio ninaoupigania tangu asubuhi.

Bint Mkoani: Skuli ina kompyuta ngapi?

Fundi wa Darajani: 14, na waya wa megabiti 100.

Bint Mkoani: Basi waya utajaa kabla Samba haijachoka.

Mtu wa Wete: Kwa waya huo tia Samba, ami, sibishi. Ukiwa na waya wa gigabiti 10 nitarudi. Neno la mkeka sijaliondoa.

Fundi wa Darajani: Liondoe kwanza, ndiyo tuzungumze gigabiti.