"Hutajua kama ipo": loka ya kujifunga yenyewe imenidhalilisha mbele ya jengo zima

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, kwa maana hivi ninavyoandika mikono bado inatetemeka. Mnamfahamu. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna uzi wa magari ya porini humu ambao hajaupitia na kuacha sentensi yake ileile: "Weka loka ya kujifunga yenyewe, hutajua kama ipo." Nilimwamini, nikaifunga loka hiyo, yaani kifaa kinachozilazimisha tairi mbili zizunguke pamoja, kwenye difu (gia za katikati ya ekseli) ya nyuma ya gari ambalo ndilo ninalolitumia kila siku, na leo asubuhi jengo zima la ghorofa limejua kwamba ipo.

Nilikuwa ninaingia maegesho ya chini ya jengo, yale yenye kona za kubana na dari ya zege inayorudisha kila sauti mara tatu. Nikakata usukani mpaka mwisho, nikagusa mafuta kidogo ili gari lipande kwenye nafasi yake, na hapo difu ikatoa kishindo. Sisemi mlio, wala sisemi kelele, nasema kishindo. Mlinzi alilala kifudifudi. Ving'ora vya magari manne vililia kwa pamoja. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta funguo mkobani alinyoosha mikono juu kana kwamba ametekwa, na mkoba akauacha ujiangukie.

Nikamwandikia yule bwana faraghani, papo hapo, kwa heshima zote, nikimuuliza kama ndivyo inavyopaswa kuwa. Akanijibu hivi: "Gari halina tatizo. Tatizo ni mguu wako wa kulia."

Mguu wangu wa kulia! Mtu alinitolea maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni, na baada ya mlinzi kulala chini, anautukana mguu wangu.

Tangu saa hiyo nimekaa ninasoma mambo ambayo angeweza kunieleza kwa dakika mbili. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa tairi zote mbili, ndiyo maana tairi moja likining'inia hewani, la pili nalo halipati nguvu ya maana. Loka hii huondoa zile gia ndogo za kati na kuweka mahali pake vipande vyenye meno vinavyosukumwa na springi. Gari likienda moja kwa moja, tairi zote mbili zimefungwa pamoja. Likikata kona, barabara hulilazimisha tairi la nje kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko difu yenyewe, meno ya upande huo huachia, unasikia ta-ta-ta-ta, na nguvu yote hubaki kwenye tairi la ndani. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Lakini ukiongeza mafuta ukiwa ndani ya kona ya kubana, meno hubanana, shafti hujisokota, na yakija kuachia huachia kwa mkupuo mmoja. Hicho ndicho kishindo. Yaani ndicho kile kishindo cha chini ya jengo, chenye mlinzi.

Na sijagusia barabara iliyolowa. Juzi nikiwa katikati ya mzunguko niliinua mguu kidogo tu kutoka kwenye mafuta, mzigo ukahama kutoka tairi moja kwenda jingine, na gari likahama nusu ya njia bila kuniuliza. Hutajua kama ipo, aliniambia.

Nakiri kwamba porini ni habari nyingine. Jumamosi iliyopita tairi moja la nyuma lilikuwa juu hewani, sikubonyeza swichi yoyote, na gari likatoka kwenye korongo kama mtu anayetoka sebuleni kwenda chumbani. Lakini mimi siishi korongoni. Naishi kwenye kona.

Ninachodai ni kimoja: auombe radhi mguu wangu. Naomba kuwasilisha.

Tope Mpaka Magotini:
Mleta uzi, nimeusoma uzi wako mara mbili nikitafuta hitilafu ya difu, na hitilafu pekee niliyoiona ina vidole vitano.

Kona Kali:
Pole sana, ndugu. Naomba kuuliza: gari lako ni la gia za mkono, na chesesi yake ni fupi?

Mleta uzi:
Ni la gia za mkono na chesesi yake ni fupi. Swali hilo yule bwana hakuwahi kuniuliza.

Kona Kali:
Basi jibu unalo. Yeye anaendesha gari refu lenye gia za kujibadili zenyewe, ambako ile klachi ya majimaji (torque converter) iliyo kati ya injini na giaboksi inalainisha kila mabadiliko ya mzigo kabla hayajafika nyuma, na ule urefu unamficha gari linapotaka kuyumba. Alikuwa anasema kweli kuhusu gari lake. Wewe punguza mwendo kabla ya kona, ingia ukiwa na mafuta kidogo yasiyobadilikabadilika, na uongeze mafuta usukani ukishanyooka. Humo kwenye maegesho kanyaga klachi uliache gari liserereke.

Tope Mpaka Magotini:
Kwa maneno mengine, tatizo ni mguu wake wa kulia.

Mleta uzi:
Wewe na yule bwana mmezaliwa pamoja?

Springi Tatu:
Kabla hatujamhukumu mtu, mleta uzi atueleze kama tairi zake mbili za nyuma zinalingana. Tairi lililolika zaidi, au lenye upepo pungufu, lina mzingo mdogo kuliko mwenzake, na kwa kuwa loka inazilazimisha zote mbili kuzunguka sawa, gari litavuta upande hata kwenye barabara iliyonyooka. Kuna watu humu wametukana loka mwaka mzima kumbe walikuwa wanahitaji pampu ya upepo.

Mleta uzi:
Nimepima sasa hivi. Zimepishana kidogo. Hilo halielezi mlinzi kulala chini.

Bibi Usukani:
Wewe una bahati, mwanangu, maana yako angalau inafunga. Mimi yuleyule bwana alinishauri niweke ile difu ya sahani, inayopunguza mteleza badala ya kufunga kabisa, akaniambia ni tulivu kama maji ya mtungini. Kwa kweli ilikuwa tulivu. Sahani zilipolika ikawa tulivu zaidi, kiasi kwamba tairi moja likinyanyuka, gari nalo linatulia palepale. Kisha fundi akatia mafuta ya difu ya kawaida bila ile dawa ya sahani, na tangu siku hiyo kila nikikata kona gari linatetemeka kama lina homa. Nilipomwandikia, unajua alinijibu nini? "Weka loka ya kujifunga yenyewe, hutajua kama ipo."

Mleta uzi:
Mnaona!

Hewa Tupu:
Nyote mngeweka loka ya hewa yenye swichi, ile inayofunga kwa shinikizo la hewa pale tu unapobonyeza. Ikiwa imezimwa, difu ni ya kawaida, na kwenye maegesho hakuna mlinzi anayelala. Mimi nimeitumia kwa raha, ukiacha ile mara moja nilipozama kwenye tope, nikabonyeza swichi kwa madaha, na nikasikia pssss ndefu kama kwamba gari linahema.

Kona Kali:
Ndugu, mpira wa hewa uliupitisha wapi?

Hewa Tupu:
Pembeni ya ekzosti.

Kona Kali:
Pembeni ya ekzosti!

Tope Mpaka Magotini:
Leo ni siku ya wagonjwa. Rafiki yangu aliweka loka ya kujifunga yenyewe kwenye difu ya mbele. Habu (vile vifungio vya tairi za mbele) zikiwa wazi na gari likitumia tairi za nyuma tu, ni kweli hujui kama ipo. Siku aliyofunga habu na kuingiza gia ya tairi nne kwenye mlima wenye mawe, usukani ulikuwa mzito kama anageuza mlango wa ngome, na kila alipokanyaga mafuta ulitaka kurudi katikati wenyewe. Alishuka mlimani na mabega ya mbeba mizigo.

Mleta uzi:
Naomba kwa unyenyekevu turejee kwenye kishindo. Mlinzi ameanza kunisalimia kwa kuinama.

Hewa Tupu:
Jambo jingine, wakuu: nikizima swichi, mafuta ya difu yanatoka kwenye vali ya hewa, yanadondokea chini ya boneti. Hii ni kawaida?

Springi Tatu:
Si kawaida hata kidogo. Oringi za loka, zile pete za mpira za kuzibia, zimechoka, hewa inavujia ndani ya difu, na mafuta yanarudi kwa njia ileile ya mpira. Itabidi difu ishushwe.

Bibi Usukani:
Hiyo loka ya hewa alikushauri nani?

Hewa Tupu:
Mnamfahamu.

Mkimya:
Mleta uzi, kama unaiondoa, mimi nitaichukua. Niambie tu shafti zako zina meno mangapi.

Mleta uzi:
Haiuzwi. Jumamosi ninarudi kwenye lile korongo.

Tope Mpaka Magotini:
Nenda na mguu wa kushoto.

Hewa Tupu:
Kwa hiyo mpira mpya niuweke wa nailoni au ule wa waya uliosukwa?