Tupeane uzoefu: ni lini tuliacha kushangaa?

Ndugu zangu, nimekulia Raskazone hapa Tanga, na utotoni kila bahari ilipokupwa niliwauliza wakubwa maji yamekwenda wapi na ni nani aliyeyaita. Siku hizi hupita ufukweni hapohapo kila asubuhi nikienda kazini, lakini kupwa na kujaa nakuangalia kwa ajili ya safari za mashua tu, na hata bamvua la mwezi mpevu halinisimamishi. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu hakuna aliyeninyang'anya mshangao ule. Uliondoka taratibu kadiri kodi na karo zilivyozidi. Naomba wenzangu mtueleze kwenu ilikuwaje.

Mchangiaji wa Ngamiani: Dada, ahsante kwa mada. Sisi wazee walituambia kwamba Mapango ya Amboni hupita chini kwa chini hadi Mombasa, wengine wakisema hadi Kilimanjaro, nami nililala nikiwaza ni nani anayetembea humo gizani. Baadaye shuleni nikafundishwa kwamba ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Wengi husema elimu ndiyo inayoua mshangao, nami sikubaliani nao hata kidogo. Nilipokwenda tena ukubwani, nilisimama chini ya jiwe linaloning'inia, nikatazama tone likijikusanya kwenye ncha, likitetemeka, kisha likianguka, huku nikijua kwamba limeacha nyuma chembe ya chokaa isiyoonekana, na kwamba jiwe zima limejengwa hivyo. Hilo lilinishangaza kuliko habari za Mombasa. Naona kinachotuponza ni haraka.

Mchangiaji wa Sahare: Naungana na kaka. Baba yangu ni mvuvi, na kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanga walianza kunasa silikanti kwenye majarife, samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka zama za dinosaria, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Siku baba alipomwona kwa mara ya kwanza, yeye aliyezoea kila aina ya samaki, alichutama akamgeuza na kumgeuza, akiyashika mapezi yale manene yaliyokaa kama miguu, wala hakuuliza bei. Hadi leo huwahoji vijana wanaotoka baharini kama wameona kitu wasichokifahamu, nami nimeanza kufuatana naye alfajiri kuwasikiliza.