Gemu za kukanyaga mishale: nianzie wapi, nyumbani na kwenye mashine?

Sinza_Ghorofani

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wanaozijua gemu za mishale, zile unakanyaga vibao kufuata muziki: Dance Dance Revolution, Pump It Up na jamii yake. Nina laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 4, TV ya inchi 32 yenye HDMI, na spika ya Bluetooth. Naishi ghorofa ya pili, Sinza. Programu gani ya bure inafaa? Ninunue mkeka laini wa USB au nimpe fundi kazi ya mbao? Na nikikuta mashine kwenye mall, nijue nini kabla sijalipia tokeni?

Kanyaga_Tandale

Karibu mkuu. Laptopu hiyo inatosha na chenji inabaki. Pakua ITGmania, ni ya bure na imetokana na StepMania.

Nyimbo ndipo wengi wanapokwama siku ya kwanza. Mpangilio ni folda ya Songs, ndani yake folda ya kundi (ipe jina lolote), ndani ya kundi folda ya kila wimbo, na humo faili la mishale la .sm au .ssc pamoja na muziki wa .ogg au .mp3. Ukiitupa folda ya wimbo moja kwa moja ndani ya Songs, programu inaidhania ni kundi tupu na wimbo hauonekani, hata uizime na kuiwasha mara ngapi.

Spika ya Bluetooth iweke pembeni. Kwenye ITG (In The Groove, gemu ya mishale ambayo ITGmania inafuata vipimo vyake), hukumu ya juu kabisa, Fantastic, inakupa nafasi ya milisekunde 23 tu kabla au baada ya pigo, na Great inaishia kama milisekunde 103. Spika nyingi za Bluetooth zinachelewa zaidi ya hapo, na uchelewaji wenyewe haukai sawa, kwa hiyo hata ukiurekebisha leo kesho umehama. Tumia waya wa 3.5 mm au sauti ya TV kupitia HDMI. Kwenye TV washa Game Mode. Bila hiyo TV inachukua muda kuipamba picha, na wewe unaona mshale ukiwa umeshapita.

Baada ya hapo linganisha sauti. Chagua wimbo mwepesi ulioandikwa vizuri, anza kucheza, bonyeza F6 mpaka maandishi yaseme AutoSync Machine, kisha kanyaga kwa kusikiliza pigo, si kwa kutazama mishale. Programu itapima unavyowahi au kuchelewa na itakuomba ruhusa ya kuhifadhi. Fanya hivyo upya kila ukibadili TV au spika.

Kingine ni kasi ya mishale. Wageni wanaiacha 1x wakidhani polepole ndiyo rahisi. Mishale inarundikana kama daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni na huoni upi unaanza. Weka M300: programu itahakikisha wimbo wowote hauzidi kasi ya 300, yaani wimbo wa BPM 150 (mapigo 150 kwa dakika) utakwenda kama 2x. Ukiizoea, panda kidogo kidogo.

Fundi_Plaiwudi

Kwenye mkeka nina neno. Mkeka laini ni wa kuanzia tu, kupima kama gemu yenyewe utaipenda. Ubaya wake ni kuteleza: kwenye vigae unahama, unajikuta unakanyaga mshale wa jirani. Ubandike juu ya kipande cha plaiwudi kwa gundi ya utepe pande zote nne, na ucheze peku. Viatu vinachana tabaka la ndani, soksi zinakuangusha.

Ukitaka wa kudumu, mwagize seremala, pale Keko hawakosekani. Kitako kiwe plaiwudi ya 18 mm, sentimita 84 kwa 84, kigawanywe miraba tisa ya sentimita 28. Pembe nne na katikati vinapigiliwa vipande vya 18 mm visivyosogea. Vile vinne vya mishale vinakatwa kwenye plaiwudi ya 12 mm, na vikatwe sentimita 27.6, si 28. Hiyo nafasi ya milimita 2 kila upande usiikatae hata fundi akikuambia inaonekana vibaya. Masika mbao inavimba, kibao kinabana na mshale unabaki "umekanyagwa" wimbo mzima.

Chini ya kila kibao bandika bati jembamba, hilo ni upande mmoja wa swichi. Kwenye kitako, kona nne za ule mraba, weka vipande vya hadibodi ya 3 mm vilivyofunikwa kwa bati au alumini na kuunganishwa pamoja, hizo ni upande wa pili. Halafu zungusha kingo kwa sponji ya milimita 5, ile ya kuzibia milango. Kwa hiyo bati na bati vinaachana kwa milimita 2 tu, mguu ukishuka vinagusana, ukinyanyuka sponji inavitenganisha. Msikate kandambili kuokoa hela ya sponji. Ni ngumu, haibonyei vya kutosha, na mtaishia kuruka kwa hasira.

Waya wa kila kibao unakwenda kwenye pini yake ya Arduino Pro Micro (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu), na upande wa kitako wote unakwenda GND, pini ya ardhi. Pini ziwekwe INPUT_PULLUP, mpangilio unaoifanya pini isome "haijakanyagwa" mpaka iguse GND. Nunua Pro Micro au Leonardo, zenye chipu ya ATmega32U4, kwa sababu kompyuta inazitambua kama kibodi au joystiki moja kwa moja. Uno haifanyi hivyo bila ujanja wa ziada. Na kwenye alumini usihangaike kulehemu waya kwa risasi, haishiki. Funga waya kwa skrubu na washa (kile kipete cha chuma).

Mshale mmoja ukihesabu mara mbili kwa kukanyaga kimoja, mabati yanadunda: ongeza kwenye programu ya Arduino kusubiri milisekunde 5. Ukikataa kabisa, fungua, piga msasa. Wanaokaa karibu na bahari wataifanya kazi hii mara nyingi zaidi.

Ghorofa ya pili: weka mkeka wa povu la EVA wa unene wa sentimita 2 chini ya jukwaa zima. Unapunguza kishindo, hauondoi. Jirani wa chini mpe taarifa mapema.

Dada_Kigamboni

Kaka, nikujibu la mashine. Kwanza tazama vibao. Vinne vya juu, chini, kushoto na kulia ni mtindo wa DDR ya Konami, iliyotoka 1998. Vitano, yaani pembe nne na katikati, ni mtindo wa Pump It Up ya Andamiro, iliyofuata 1999. Mazoezi ya moja hayahamii nyingine moja kwa moja. Miguu ya Pump inakwenda mshazari na cha katikati kinatumika sana.

Kabla ya kulipa, panda uvikanyage vibao kimoja kimoja, kati na ukingoni. Kama mtu mwingine anacheza, tazama: akikosa mshale uleule kila mara ilhali miguu iko sahihi, kibao kimekufa, usipoteze tokeni. Muulize mhudumu tokeni moja ni nyimbo ngapi. Anza ngazi ya 2 au 3, na angalia hiyo namba ni ya gemu ipi, maana 9 ya ITG na 9 ya DDR si uzito mmoja.

Sasa miguu, maana hapo ndipo kazi ilipo. Usirudi katikati baada ya kila mshale. Kukanyaga kibao ambacho hakijaitwa hakukati pointi, wala kukisimamia, kwa hiyo acha mguu pale ulipotua mpaka utakapohitajika tena. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa kupokezana. Mguu mmoja ukifanya kazi mara mbili mfululizo utachelewa tu ngazi zikipanda. Tua kwa sehemu ya mbele ya wayo, magoti yakiwa yamelegea. Chuma cha nyuma si dhambi kukishika, ila jifunze kwanza bila hicho.

Na Just Dance usiichanganye humu. Ile kwa kawaida inapima mkono ulioshika simu au rimoti, miguu haiioni.

Sinza_Ghorofani

Shukrani sana wakuu. Nimeanza na mkeka. Kila kitu kinafanya kazi ila kushoto na kulia kwa pamoja, hapo haupokei hata mmoja. Mkeka mbovu? Na singeli inaweza kuwekwa?

Kanyaga_Tandale

Si mbovu. Unajitambulisha kama fimbo ya joystiki, na fimbo haiwezi kulala kushoto na kulia kwa wakati mmoja, kwa hiyo zinafutana. Juu na chini pamoja nazo zitagoma. Baadhi ya mikeka inabadilika kuwa vitufe ukishikilia kitufe fulani wakati wa kuchomeka USB, soma karatasi yake. Kama haina njia hiyo, rudisha dukani na udai inayotuma vitufe. Ukisharekebisha ingia Config Key/Joy Mappings upange mishale upya.

Singeli inawekwa, lakini mingi inakwenda BPM 200 na zaidi. Kwenye BPM 240, mshale kila pigo ni hatua nne kwa sekunde, hiyo si ya mgeni. Unapoandika hatua weka mshale kila baada ya mapigo mawili, mapigo yote yabakize kwenye ngazi ya juu. Tafuta kwanza BPM kamili ya wimbo, maana ukikosea hata kwa 0.1 mishale itaanza sawa na ikifika dakika ya pili utaona imehama.