Mama ana kidonda juu ya kifundo, nesi anataka afungwe bendeji ya kubana. Si itazuia damu?

Binti_wa_Ngamiani
Wakuu, habari. Mama yangu anauza chapati hapa Tanga, tangu alfajiri amesimama jikoni. Mwaka sasa ana kidonda juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi na ngumu, jioni mguu unavimba, majimaji yanalowesha mpaka kanga. Tumejaribu asali, spiriti, unga wa kapsuli. Kinafunga kidogo, kinafumuka tena. Sukari kapimwa, hana. Sasa nesi anasema dawa ni bendeji ya kubana, toka vidoleni hadi chini ya goti. Mama mdogo kakataa kabisa: damu yenyewe haitembei, halafu mnaibana? Nani amepitia hili?

Nesi_wa_vidonda
Pole sana dada. Mama mdogo kauliza la maana. Ateri zinaleta damu mguuni, vena zinairudisha moyoni. Vena zina vali, kama milango ya kufunguka upande mmoja. Zikilegea damu inarudi chini, presha inapanda kifundoni, maji yanavujia kwenye nyama, ngozi inachoka na kupasuka. Hayo uliyoeleza yanaelekea huko. Kubana ndiko kunakoondoa uvimbe na kusaidia damu kupanda. Unga wa kapsuli acheni leo, unaleta mzio na usugu wa dawa.

LAKINI asifungwe kabla ateri hazijapimwa. Wanachukua presha ya kifundo kwa mashine ndogo ya Dopla, wanaigawanya kwa presha ya mkono. Ikiwa chini ya 0.8, bendeji ya nguvu isubiri uamuzi wa daktari. Chini ya 0.5 habanwi, anawahishwa kwa bingwa wa mishipa. Mguu ukimuuma zaidi usiku akilala, na akiuning'iniza anapata nafuu, sema hilo mapema, huenda ni ateri.

Kinyozi_mstaafu
Mimi ni wa kusimama nyuma ya kiti, namjua huyo mdudu. Watu watakutisha na maumivu. Kilichonitesa ni kuwashwa, na joto letu hili la pwani! Afungwe asubuhi kabla hajashuka kitandani, mguu ukiwa mwembamba. Kisigino kisiachwe wazi, uvimbe utakimbilia hapo. Na kwenye kifundo wakaze zaidi.

Nesi_wa_vidonda
Shikamoo mzee. Hapo mwisho hapana: bendeji ivutwe kwa nguvu ileile mguu mzima. Kifundo ni chembamba, kitabanwa zaidi chenyewe. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, ifunguliwe papo hapo.

Binti_wa_Ngamiani
Asanteni. Shikamoo mzee. Biashara aache, alale?

Nesi_wa_vidonda
Kulala kutwa hapana. Akitembea, misuli ya shavu la mguu inasukuma damu juu. Ubaya ni kusimama palepale. Apate stuli ndefu ya kusukumia chapati, na akipumzika mguu uwe juu kuliko moyo. Halafu kwa kidonda cha mwaka mzima, muulize daktari kama wakate kinyama wakipime, hasa kingo zikiwa zimeinuka. Vidonda vya siku nyingi mara chache hugeuka saratani.

Kinyozi_mstaafu
Marahaba wanangu. Kikifunga msishangilie na kutupa kila kitu: zinafuata soksi za kubana kila siku, maana vali hazirudi. Na mnunulie kobazi pana, bendeji haiingii kwenye viatu vyake vya kawaida.